Baba, Mpira wa Mkojo na Swali la Nani Amhudumie

Baba yangu ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani, jijini Nairobi. Umri wake umevuka miaka 70, ameuza mitumba Gikomba tangu ujana wake, na kabla ya mwaka jana hakuwa amewahi kulazwa. Sisi watoto wake sote tulizaliwa katika Hospitali ya Pumwani, iliyoko mtaani kwetu tangu 1926, mikononi mwa wakunga wa kike, naye kila mara alingoja nje ya lango na chupa ya chai. Kwake hospitali ilikuwa mahali pa kina mama. Ndiyo sababu ugonjwa ulipomshika kwenye njia ya mkojo, alinyamaza.

Ninaandika kwa ajili ya wanaouguza wazee wao. Ninaandika pia kwa sababu mjadala umerudi barazani na kwenye makundi ya familia: je, mgonjwa ahudumiwe na mhudumu wa jinsia yake peke yake? Wapo wanaotaka iwe sheria. Nawaelewa, na kwa mengi nakubaliana nao. Lakini nimekaa kando ya mtu aliyeng'ang'ania hilo "peke yake" huku kibofu kinazidi kumjaa, na nilichokiona usiku ule kinanizuia kuunga mkono sheria ya namna hiyo.

Dalili zilianza zamani. Alikuwa akiamka mara nyingi usiku kwenda msalani, anasimama muda mrefu, mkojo unatoka kwa matone, anarudi kitandani haja bado ipo. Mama alijua. Sisi watoto tuliambiwa ni baridi, baadaye tukaambiwa ni uzee. Kumbe alishafika mpaka kwenye zahanati iliyo karibu na nyumbani, akachungulia, akamwona tabibu wa zamu ni binti wa jirani, mtoto aliyekuwa akimtuma dukani, akageuza njia. Ataanzia wapi kumweleza mtoto yule? Akaenda kununua dawa za mitishamba kwa mzee mwenzake sokoni, akazinywa kwa miezi.

Tunapojadili suala hili huwa tunamfikiria mgonjwa aliye tayari mbele ya daktari. Wengi hawafiki hapo. Mwanamume anayeona haya mbele ya tabibu wa kike, au mwanamke anayeona haya mbele ya tabibu wa kiume, hagombani na mtu wala haandiki malalamiko. Anabaki nyumbani tu, na ugonjwa unaendelea na kazi yake.

Niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe, maana wanaume wengi hatuujui. Tezi dume iko chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume anavyozeeka tezi hukua, na ikikua huubana mrija huo. Zaidi ya nusu ya wanaume waliovuka miaka 60 wana tezi iliyokua kwa kiasi fulani. Mara nyingi si saratani, ingawa saratani ya tezi dume nayo ni miongoni mwa zinazowapata wanaume wengi zaidi hapa Kenya, na dalili zake zinaweza kufanana na hizi, kwa hiyo lazima mtu apimwe. Haiambukizwi kwa kujamiiana. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu baba aliogopa kwamba watu wakisikia anaumwa huko chini watamdhania mabaya.

Siku mkojo ulipokataa kabisa ilikuwa Jumamosi usiku. Kufikia saa nne tumbo la chini lilikuwa gumu, limetuna, jasho linamtiririka, hawezi kukaa wala kulala. Tuliita teksi kwa simu, ikatutoza shilingi 900 mpaka hospitali moja ya umma ambayo sitaitaja jina. Tabibu wa zamu, kijana wa kiume, alimgusa tumbo mara moja akasema awekewe mpira wa mkojo, ule mrija unaoingizwa hadi kwenye kibofu kuutoa mkojo, sasa hivi. Mipira ndani ilikuwa imekwisha, tukakimbilia duka la dawa lililo nje ya lango kununua mpira na mfuko wake. Tuliporudi, tabibu alikuwa ameitwa kushona majeruhi wa ajali ya matatu. Kazi ya kuweka mpira ikabaki kwa wauguzi, na wauguzi wote wa idara ya dharura usiku ule walikuwa wanawake.

Baba akasema, "Nitafutieni mwanamume."

Angeweza kubembelezwa wakati huo, nina hakika. Lakini kitanda chake kilikuwa kwenye korido, hakuna pazia, na muuguzi wa kwanza alisimama mbali na faili mkononi akauliza kwa sauti iliyosikika na kila aliyekaa kwenye benchi: "Ni mzee gani huyo anakataa kuvuliwa?" Watu wakageuka. Baba akavuta kikoi chake mpaka kifuani, akafumba macho, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Nilizunguka wodi hadi wodi nikiuliza kama kuna muuguzi wa kiume. Alikuwepo mmoja, kwenye wodi ya upasuaji, lakini alikuwa peke yake na wagonjwa waliotoka kupasuliwa jioni ile. Aliniambia kwa upole kwamba akiwaacha na mmoja wao akavuja damu, hakuna wa kumwona. Sikuwa na la kumjibu. Nikarudi mikono mitupu, na baba sasa alikuwa anauma kona ya shuka kwa maumivu.

Ndipo likatolewa wazo lililoonekana la busara: mimi niingie, nimfunike na kumshika baba, muuguzi afanye kazi yake haraka huku mwanawe wa kiume yupo. Baba alifumbua macho akaniangalia. "Wewe hasa ndiye utoke."

Neno lile nimelifikiria sana. Wanaosema jinsia moja inatosha kulinda heshima wanasahau kwamba stara kwetu ina mambo mengi ndani yake. Kuna umri. Kuna ukoo, nani kamzaa nani, nani ni mkwe wa nani. Mtoto wa kiume kuuona utupu wa baba yake ni jambo zito kwa Waswahili wa Majengo, na ni zito vilevile kwa majirani zetu wengi waliotoka bara. Wapo wanaoliita laana. Kwa baba, mwanamke asiyemfahamu alikuwa afadhali kuliko mimi. Ndugu yake angefaa. Rafiki yake wa barazani angefaa. Mimi sikufaa, na dada zangu ndio hata wasitajwe. Kwa hiyo mkimpeleka mzazi hospitalini msidhani kwamba mwana kwa baba na binti kwa mama ndilo jibu. Muulizeni mkiwa bado nyumbani, kabla maumivu hayajampanda, angependa nani awe naye chumbani.

Aliyetuokoa ni sista mkuu wa zamu, mama wa makamo, ambaye mtu alimpelekea habari. Alikuja na pazia la magurudumu, akalisukuma mwenyewe, akaagiza kitanda kivutwe pembeni na waliokaa karibu wahamie benchi la pili. Kisha akavuta kiti akakaa, uso wake ukawa sawa na uso wa baba.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba," baba akajibu kwa shida.

Akamwuliza jina, akamwuliza anatoka wapi, kisha akamweleza: atafunua sehemu ndogo tu, mwili wote uliobaki utakaa chini ya kikoi, atasikia baridi ya dawa ya kusafishia, halafu kama kitu kinasukumwa, kisha nafuu. Akimwambia asimame, atasimama. Halafu akasema, "Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe nasikia umezaa saba." Baba alicheka. Katika maumivu yale, alicheka. "Haya, fanya," akasema, "lakini huyu kijana atoke." Nikatoka.

Mkojo uliotoka ulizidi lita moja. Mtu mzima kwa kawaida hubanwa sana na haja kibofu kikiwa na mililita 400 hadi 500. Kipimo cha damu kilionyesha figo zimeanza kuelemewa, maana mkojo ukizuiwa hivyo shinikizo hurudi nyuma mpaka kwenye figo. Tabibu alisema tungechelewa zaidi tungekuwa na mazungumzo mengine. Na sehemu kubwa ya saa tulizopoteza haikupotea kwa sababu muuguzi alikuwa mwanamke. Sista aliyefaulu naye ni mwanamke. Zilipotea kwa sababu ya korido, sauti kubwa, na kukosekana kwa pazia.

Ningeweza kuishia hapo, nikasema jinsia haina maana. Ningekuwa mwongo.

Baba alilazwa, na wodini akaja daktari wa kiume. Tezi dume hupimwa kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo cha muda mfupi na chenye manufaa, kwa sababu kidole kinaweza kuhisi kama tezi ni laini au ina vinundu vigumu. Daktari yule alikuwa na wagonjwa wengi wa kuwaona. Alifika na wanafunzi nyuma yake, akamwambia baba ageuke ubavu, akafanya kipimo, akawaeleza wanafunzi alichokihisi, akasonga mbele. Wote walikuwa wanaume. Hakumwambia baba anafanya nini wala kwa nini, hakumwomba ruhusa, hakumwuliza kama wanafunzi wanaweza kubaki. Siku ile yote baba hakuongea. Chakula alichopelekewa na mama alikirudisha. Mpaka leo, ukimwuliza ni lini alivunjiwa heshima hospitalini, hatamtaja sista wala yule muuguzi wa korido. Atamtaja mwanamume mwenzake.

Nililipeleka hili kwa dawati la huduma kwa wateja la hospitali. Nilisikilizwa, wakaandika, na daktari mwingine akaja kumweleza baba matokeo kwa utaratibu. Mjue kwamba mna pa kushika. Ibara ya 28 ya Katiba inampa kila mtu haki ya utu wake kuheshimiwa, Ibara ya 31 inalinda faragha, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na aridhie kabla ya kuhudumiwa. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unataja haki ya kuheshimiwa, ya kuchagua mhudumu, ya kutafuta maoni ya daktari wa pili na ya kulalamika. Na wanafunzi: mgonjwa anaweza kusema wasiwepo, na matibabu yake yasipungue kwa sababu hiyo. Hatukulijua hilo siku ile.

Nyumbani, habari hizi zilifungua mdomo wa mke wangu. Ameniruhusu niandike. Alipokuwa msichana wa sekondari, mhudumu wa kiume kwenye kliniki fulani alimgusa visivyo akijifanya anampima. Hakumwambia mtu yeyote. Kwa miaka mingi alikuwa akikwepa kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, mimi nikidhani ni uvivu au kazi nyingi. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake Kenya kati ya saratani zote, na ni ugonjwa unaoweza kugunduliwa ungali mabadiliko madogo ya seli, ukazuiwa. Mke wangu alilijua hilo vizuri. Alikuwa anajua, na bado miguu ilikataa.

Ndiyo maana siwezi kumvumilia mtu anayesema wagonjwa wanaoomba mhudumu wa jinsia yao ni washamba au wana dini nyingi. Hujui mtu amebeba nini. Mgonjwa akisema, "Naomba anipime mwanamke," jibu liwe ndiyo, au liwe leo hayupo lakini atakuwepo siku fulani. Asiulizwe kwa nini. Asitazamwe vibaya.

Mke wangu alipiga simu kwenye kituo cha afya, akauliza sista anayefanya kipimo hicho huwa zamu lini, akapewa siku, akaenda. Ilikuwa rahisi hivyo, baada ya miaka yote ile. Huko akaelezwa pia kuhusu kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, faraghani, bila kuguswa na mtu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikipendekeza tangu 2019 kuwa njia moja ya kuwafikia wanawake wanaokwepa vipimo. Hakipatikani kila kituo, lakini kiulizeni. Na wenye mabinti wa miaka 10, chanjo ya HPV imo katika mpango wa taifa wa chanjo tangu Oktoba 2019.

Huyo huyo mke wangu, mtoto wetu wa pili alizaliwa kwa upasuaji wa dharura, usiku, na daktari aliyekuwepo alikuwa mwanamume. Nilimwuliza aliwezaje. Alisema daktari alijitambulisha kwa jina, akamwambia kila hatua, na sista mmoja hakubanduka kichwani pake tangu mwanzo hadi mtoto alipolia. Kuwepo kwa huyo mtu wa tatu ndiko kulikomtuliza. Mpwa wangu, anayesomea uuguzi katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, anasema wanafundishwa hivyo: ukimpima mgonjwa wa jinsia nyingine sehemu za siri, awepo mhudumu mwingine au mtu ambaye mgonjwa anamwamini, na hilo humlinda mgonjwa na humlinda mhudumu pia. Kwa hiyo mkiambiwa hakuna mwanamke wa kumpima, swali linalofuata liwe: yupo mwanamke wa kukaa naye?

Mpwa huyo ndiye aliyenifanya nifikirie ile sheria inayopendekezwa kwa hesabu za zamu. Duniani kote karibu wauguzi tisa kati ya kumi ni wanawake, kwa mujibu wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2020. Madaktari wa upasuaji, kinyume chake, wengi ni wanaume, na hapa kwetu ni vivyo hivyo. Ukiamuru jinsia moja peke yake, wanaume watakosa wauguzi na wanawake watakosa wapasuaji. Baba angekufa akingoja mwanamume kutoka wodi ya upasuaji. Mke wangu angekufa akingoja daktari wa kike. Na hospitali yenye wauguzi wawili usiku haiwezi kugeuka kuwa na wanne kwa sababu sheria imesema.

Lakini alinionyesha na upande wa pili. Utafiti mmoja wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2021, uliangalia wagonjwa zaidi ya milioni 1.3 waliofanyiwa upasuaji. Wanawake waliopasuliwa na wanaume walikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 15 zaidi wa kupata matatizo, kurudishwa hospitalini au kufariki ndani ya siku 30, ukilinganisha na wanawake waliopasuliwa na wanawake. Utafiti hauthibitishi sababu. Mpwa wangu anadhani ni kusikilizwa: mwanamke akisema ana maumivu, nani anamwamini mapema? Mimi naona ni hoja ya kufunza na kuajiri madaktari bingwa wengi zaidi wa kike, na wauguzi wengi zaidi wa kiume, ili mgonjwa anapoomba, awepo wa kumwitikia. Hilo linaweza kufanyika. Wavulana wetu waache kuambiwa uuguzi ni kazi ya wanawake.

Baba, baada ya kutoka wodini, alikuwa na swali moja lililomsumbua kuliko figo: je, alikosea mbele ya Mungu kwa kukubali mkono wa sista? Nilimpeleka kwa imamu, mtu mtaratibu. Alimkumbusha kuhusu Rufaida na Rubayyi bint Muawwidh, wanawake wa zama za Mtume waliowahudumia majeruhi wa vita, na hao majeruhi walikuwa wanaume. Akamweleza kanuni ya dharura, kwamba shida kubwa huruhusu lililokatazwa. Akamwambia pia kwamba wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walipokutana Brunei mwaka 1993 waliweka mpangilio: mwanamke atibiwe na mwanamke akipatikana, asipopatikana atibiwe na mwanamume, asitazame zaidi ya panapohitajika, na asikae naye faragha bila mume, maharimu au mwanamke mwaminifu. Kanuni hiyo, alisema, inamfaa mwanamume pia. Baba alitoka pale mwepesi. Kama mzee wenu ni mtu wa kanisani, mpelekeni kwa padri au mchungaji wake. Neno la mtu huyo linaweza kufungua mlango ambao daktari na watoto wote wameshindwa kuufungua.

Sasa gharama, maana hapa wengi huumia. Baba aliondoka na mpira wa mkojo wa kukaa nao hadi upasuaji. Mpira lazima ubadilishwe: wa mpira wa kawaida baada ya wiki chache, wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Alisisitiza abadilishiwe na mwanamume, tukampata muuguzi wa kiume anayezuru nyumbani, shilingi 2,000 kila anapokuja, vifaa kando. Kipimo cha damu cha PSA, kinachotumika kuchunguza tezi dume, tulilipa 2,500, picha ya altrasaundi kando, na daktari bingwa wa njia ya mkojo kwenye kliniki ya binafsi 4,000 kumwona tu. Kumpata bingwa wa kiume hakukuwa na shida, karibu wote ni wanaume. Muuguzi wa nyumbani ndiye aliyetukausha.

Kazi ya kila siku ya mpira nayo ina aibu zake, na haya tuliyapanga vizuri. Baba mwenyewe alifundishwa kumwaga mfuko, kuosha mikono kabla na baada, kuuweka mfuko chini ya usawa wa kibofu ili mkojo usirudi, na kusafisha pale mpira unapoingilia. Mgonjwa akiweza kujifanyia, mfundisheni ajifanyie. Nusu ya tatizo la nani amguse huisha. Sisi tulibaki kuangalia hatari: homa, damu nyingi, mfuko kukaa mtupu kwa saa kadhaa. Mkiona hayo, hospitali usiku huo huo. Kikoi kilitufaa kuliko suruali na kuliko gauni la hospitali lililo wazi mgongoni. Mtu anafunua kipande, kingine kinabaki. Kina mama watumie leso. Mbebeni mgonjwa na nguo yake ya stara hata kama hospitali ina gauni.

Na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024: msajilini mzee kabla hajaugua. Unaweza kujisajili kwa simu kwa *147#. Asiye na mshahara hukadiriwa asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima. Baba alikuwa amesajiliwa lakini hajalipiwa, tukachanga haraka. Ilikuja kubeba sehemu kubwa ya gharama za upasuaji. Vipimo vya awali na muuguzi wa nyumbani vilibaki mfukoni mwetu.

Fedha zilipopungua, baba mwenyewe alisema tujaribu kituo cha afya. Nilikwenda peke yangu kwanza, nikamweleza sista msimamizi: mgonjwa wangu ni mzee, anaona haya, angependelea mwanamume, asipokuwepo tafadhali pawe na chumba chenye mlango na mtu mmoja tu. Aliandika kwenye faili. Mhudumu aliyempata alikuwa binti mdogo, umri wa wajukuu zake, nikajua tumeharibikiwa. Kumbe umri ule ndio uliosaidia. Alimwita "babu", baba akamwita "mke wangu", kwa utani ule wa babu na mjukuu ambao kwetu unaruhusiwa, na mpira ukabadilishwa. Binti wa jirani alikuwa haramu kwake kwa sababu ni kama mtoto wake. Huyu alikuwa mjukuu. Hakuna fomu ya hospitali ambayo ingeweza kulijua hilo. Ilibidi mtu amwulize.

Upasuaji ulifanyika kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Sampuli ya tezi haikuwa na saratani. Siku ya kutolewa mpira kwa mara ya mwisho, kabla muuguzi hajamgusa, baba alisema mwenyewe, bila mimi kufungua mdomo: "Kama yupo mwanamume, ningemwomba yeye. Kama hayupo, endelea tu, mwanangu." Alikuwepo. Akaitwa, akaja.

Sentensi hiyo sasa anawafundisha wenzake barazani. Wiki iliyopita mmoja wao, ambaye naye anaamka usiku, alikuja kumwuliza kwenye kile kituo cha afya kuna wanaume siku gani. Baba alimpa namba ya simu ya kituo, akamwambia apige yeye mwenyewe, asimtume mwanawe.